Risasi Ndani ya Punje

Mama yangu Candiru huvunja mawe nje ya Arua,
kokoto za kuuza kwa debe,
nami niliyesomeshwa kwa kokoto hizo
nilirudi kumwomba jiwe moja, bure.
Alicheka. "Hata wewe wataka punguzo?"

Nikalipeleka Entebbe ndani ya soksi.
Tukalisaga, tukalipepeta majini kama ulezi,
sumaku ikachukua chake,
na chini ya bakuli zikabaki punje chache,
rangi ya chai iliyopoa, nyembamba kuliko ukucha.
Zirkoni.
Zilipanda ndege kabla yangu, kwenda kupimwa.

Mlima huliwa na mvua; zirkoni hailiwi.
Mto huibeba, mchanga huizika,
mchanga hugeuka jiwe, jiwe huungua,
nayo huvaa ganda jipya juu ya la kale.
Siku inapoganda huikaribisha urani,
risasi huifungia mlango.
Basi risasi utakayoikuta ndani
ni urani iliyozeeka humo humo, polepole.
Barua ilikuja baada ya miezi mitano:
miaka bilioni tatu, kasoro kidogo.

Ziko kongwe zaidi, za Australia,
bilioni nne na ushei, dunia ikiwa kichanga.
Tulidhani wakati ule ilikuwa moto mtupu,
uji unaotokota bila chungu.
Lakini oksijeni iliyofungwa mle yanong'ona: maji.
Ukoko ulishashika.
Mvua ilishanyesha juu ya nchi
isiyo na jani wala jina.
Nchi ile imeliwa yote. Shahidi ni punje.

Kwetu pia jina hutunza siku ya kuzaliwa.
Candiru ni taabu.
Hakuna aliyeandika tarehe; walimwita tu, wakakumbuka.

Nilipomweleza habari ya risasi aliweka nyundo chini.
Akashika bega la kushoto,
pale panapomuuma mawingu yakikusanyika:
kipande cha mwaka wa themanini, njia ya kukimbilia Kongo.
"Nami," akasema, "sikuzaliwa nayo."

Sikuwa na la kujibu.
Lori lilikuwa linarudi kinyumenyume, tukajaza madebe.
"Lile jiwe lako," akauliza baadaye,
"lilitoka upande gani wa shimo?"
Nikamwonyesha.
Akachukua kigoda chake
akaenda kukaa upande mwingine.