Glasi ya Maji

Saa tisa usiku, Majengo. Nimeketi kitandani
nauliza: ni ardhi, au ni mimi?

Katika mji huu swali hilo si la wazimu.
Mwaka ule wa moto tulilala nje siku nane,
ardhi ikisaga meno chini ya mikeka,
na tangu hapo kila mtu ana kipimo chake.
Jirani anatazama taa inayoning'inia.
Kanyere, dada yangu, anasikiliza mbwa.
Mimi naweka glasi ya maji juu ya kiti
kando ya kitanda, imejaa hadi mdomoni.
Maji yakikunja uso, ni mlima:
naamsha watoto, nachukua mfuko wa vyeti.
Maji yakitulia, ni mimi.

Usiku huu yametulia.
Mwanga wa simu umelala juu yake, hautikisiki.
Lakini kifuani yumo kuku aliyefungwa miguu,
anapapatika, ananyamaza,
pigo moja linakosekana
kama ngazi uliyodhani ipo gizani,
halafu linakuja kubwa, la kujilipa.
Kisha joto. Linatoka tumboni, linapanda shingo,
navua kitenge, navua hata kilemba.
Muhindo anageuka. "Ni nini?"
"Lala. Si mlima."
Katika nyumba hii, hiyo ndiyo habari njema.

Nina miaka arobaini na minane.
Mwezi wangu unakuja kama umeme wa kwetu:
wiki saba giza,
halafu taa zote kwa mara moja, na redio ya jirani.

Hospitalini walinibandika waya,
vyuma baridi, mafuta kama ute wa yai.
Na moyo wangu, mwongo huyu,
ukatulia kama mtoto mbele ya wageni:
jambo mama, jambo baba, jambo mama, jambo baba.
Mashine ikatapika karatasi ndefu ya vilima, vyote sawa.
Daktari Bahizire akaikunja mara mbili.
"Mama, huna kitu. Ni mawazo. Punguza chumvi."
Nilitaka kumwambia: njoo saa tisa usiku
na mashine yako, tukae wawili, tutazame glasi.
Nikasema asante. Nikalipa.

Ni muuguzi aliyenifuata hadi mlangoni,
mwanamke wa rika langu, akijipepea na faili ya mtu.
"Mwezi umekuacha?"
"Unaniacha, unarudi. Kama mwanamume."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Basi andika. Saa, na umedumu kiasi gani.
Ukizimia, au kifua kikikaza, usingoje kuche, njoo.
Vinginevyo andika. Mwisho wa mwezi
inakuja kutoka Bukavu mashine ya kuvaa siku nzima.
Nitakuweka wa kwanza."

Kwa hiyo, katika daftari la madeni,
chini ya Mama Soki, maharagwe kilo mbili,
juu ya mwalimu Kambere, unga, tangu Pasaka,
imeandikwa: saa tisa na dakika nne, kuku.
Saa tisa na kumi na moja, ameondoka.
Mtoto wangu aliisoma akauliza
ni nani anayetukopa kuku usiku.

Mama yangu hakuandika.
Nakumbuka tu alikuwa akitoka nje, mvua inanyesha,
anasimama peku juu ya makoro, kitenge wazi,
mkono mmoja hapa, chini ya ziwa la kushoto.
Sisi, dirishani, tulinong'onezana:
nyamazeni, anasali.

Kuku ametulia. Jasho linapoa mgongoni.
Nina kiu, na glasi iko karibu.
Nakunywa kipimo chote.
Sasa hatujui lolote, si la mlima wala langu,
mpaka niinuke gizani nitafute bidoni.