Miramar, Jumanne

Miramar maana yake mtazamo wa bahari,
na hapa Salto bahari hatuna:
tuna mto, tuna michungwa,
tuna upepo wa Julai unaong'ata masikio.
Aliyeijenga alikuwa fundi viatu kutoka Genova.
Aliyakumbuka mawimbi, akayafinyanga kwa saruji
juu ya mlango, matatu, manene kama mikate.
Mawili yameshaanguka.

Mtu wa manispaa alitupa ufunguo
mzito kuliko ahadi zake.
Mlango haukufunguka. Tukaingia kwa dirisha la choo:
Ximena kwanza, kisha Braulio fundi bomba,
kisha mimi, na nusu ya suruali ikabaki msumarini.

Ndani, njiwa.
Ndani, harufu ya koti la marehemu.
Viti mia sita na kumi na viwili vimekunja mapaja
kama watu wanaompisha mtu apite,
na mpitaji hajatokea kwa miaka ishirini na sita.

Filamu zilipokufa paliuzwa magodoro,
kisha kanisa likapanga, likashindwa kodi;
pazia bado lina alama ya kiganja chenye mafuta.
Halafu wakasema pasawazishwe, pawe maegesho.
Hapo ndipo Braulio, ambaye hajasoma shairi maishani,
alipoipiga meza ngumi:
"Magari si yana barabara nzima!"

Tuliuza mikate ya nyama. Tulichezesha bahati nasibu ya kondoo mmoja
(akashinda aliyetupa kondoo; tukamnadi tena).
Haba na haba, walituambia,
lakini kibaba chetu kilivuja,
maana kibaba chenyewe kilikuwa paa.

Chini ya viti tuliokota vifungo,
hereni zisizo na wenzake, jino la dhahabu,
kikaratasi kilichoandikwa "usije Alhamisi".
Chingamu tuliibandua kwa patasi.
Ximena akasema kila tonge
ni mtu aliyekuwa na haraka ya kubusu.

Juu ya skrini tuligombana siku tatu.
Ilikuwa na tundu la kupita kichwa cha ndama.
Mimi nikasema liachwe, tundu nalo ni sanaa.
"Sanaa hiyo," akasema Braulio, "inapitisha baridi."
Tukalishona. Mshono unaonekana mpaka safu ya mwisho,
kama kovu la kidole tumbo.

Mama yangu, Nélida, aliuza tiketi
kwenye kile kizimba cha kioo, miaka thelathini na mmoja.
Hakuwahi kuuona mwisho wa filamu hata moja:
zikifika ukingoni, yeye alikuwa akihesabu senti,
akisikia ukutani watu wakilia
asijue nani amekufa.
Nyumbani, supu ikipoa, alitutungia miisho.
Wapenzi wote walioana. Farasi wote walirudi zizini.

Jumanne tukafungua, na mvua nayo ikaja.
Ndoo nne jukwaani. Umeme ukakatika, ukarudi.
Mchezo ulikuwa binti mmoja na ngazi moja:
Lucero, wa yule mchuma machungwa.
Anaipanda, anashuka, anaibeba begani kama mgonjwa.
Hakuna neno. Matone ndiyo yaliyompigia ngoma,
ndoo moja ikiwahi, nyingine ikichelewa.

Mama nilimkalisha safu ya nane, kiti cha kumi na nne.
Hakuvua koti. Aliushika mkoba magotini kwa mikono miwili
kama bado una pesa za watu.

Ngazi ikalala. Binti akalala kando yake.
Taa zikafifia.
Mama akanigusa kiwiko:
"Ndio mwisho?"
Sikujua. Nikamtazama Ximena, naye hakujua.
"Nadhani," nikasema.
Akafikiri kidogo.
"Basi wataoana," akasema,
kisha akageuka nyuma, akaanza kuhesabu vichwa
kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti.
"Arobaini na mmoja.
Kwa Jumanne ya mvua, si haba.
Ila yule wa pembeni, mwenye kofia, hakulipa."