Kitako cha Kikapu

Hojaji ilikuwa na maswali thelathini na mawili
na visanduku vidogo vya kutia alama ya vema.
Niliingia nayo Kariokoo saa tatu asubuhi,
beji ya chuo kifuani, kalamu mbili, moja ya akiba,
harufu ya ngozi ikinisindikiza kibanda kwa kibanda
mpaka kwa Bi Mbaika,
ambaye mikono yake haikusimama kunisalimu.
Kichwa tu ndicho kilichosema karibu.

Swali la nne: je, biashara yako ni endelevu?
Akauliza endelevu ndiyo nini.
Nikamsomea maelezo: inayokidhi haja za leo
bila kuiponza kesho.
"Kesho ni Jumatano," akasema, "siku ya kanjo.
Andika hapo, itategemea."
Hakukuwa na kisanduku cha itategemea.

Swali la kumi na moja: chapa na utamaduni.
Akachomoa lebo kwenye boksi la mnunuzi wa ng'ambo:
mwanamke anacheka, shanga mpaka masikioni,
nyuma yake jua lenye rangi ya chungwa bivu.
"Nani huyu?"
"Hatumjui. Tunamshona tu kila siku,
kikapu kimoja, lebo moja, na sindano ni yangu.
Pengine alilipwa. Mimi sijawahi kucheka hivyo
nikiwa na mkonge mkononi."

Swali la kumi na saba, kipenzi cha Profesa Akelo:
unajiona raia wa Afrika Mashariki?
Nakubali sana, nakubali, sina hakika,
sikubali, sikubali kabisa.

Hapo mikono ikasimama.

"Mkonge natumiwa na Shekigenda, Korogwe.
Juzi ulilala Namanga siku mbili
ukingoja karatasi ambayo wiki jana haikuhitajika.
Rangi naletewa na Nakawunde wa Masaka;
tuna deni baina yetu tangu mwaka wa barakoa,
hakuna aliyelisahau, hakuna aliyelidai.
Mishikio ni ya Gathungu, kibanda cha tatu pale,
mlevi, lakini mshono wake haufumuki.
Sasa wewe msomi niambie, mimi ni nani?"

Akakipindua kikapu juu ya magoti.
"Tazama. Kikapu huanzia kitakoni.
Nyuzi chache za kwanza, hapo ndipo vidole hutoka damu,
na hapo hapana mteja anayepatazama.
Huo muungano wenu mmeuanzia mdomoni.
Mdomo mpana, umerembwa, una maneno.
Haya, tia viazi uone."

Niliandika pembezoni mpaka pembezoni pakajaa.
Profesa alisoma, akavua miwani, akacheka kidogo,
akaivaa tena.
Majibu yasiyoingia kisandukuni, alisema,
yape tarakimu tisini na tisa.
Nikayapa.
Usiku, kengele ya kufunga maktaba ikilia,
safu ya tisini na tisa ilikuwa ndefu kuliko zote,
ikiteremka kwenye skrini kama uzi usio na fundo.

Tasnifu imetoka. Kurasa mia mbili na kumi na nne,
jalada la buluu, herufi za dhahabu.
Bi Mbaika yumo ukurasa wa mia na sitini na tatu:
Mhojiwa wa 41, mwanamke, miaka 50 hadi 59,
mtazamo: sina hakika.
Nani aliitia alama ile? Mimi.
Ilikuwa usiku, na programu ilikataa pengo.

Jumamosi nikampelekea nakala.
Aliipima kiganjani kama apimavyo mtumba wa mkonge,
akaigeuza, akaichungulia chini.
"Kitako chake kiko wapi?"
Nikamfungulia marejeo, kule mwisho.
Alipitisha kidole juu ya majina yale, moja moja,
kwa adabu, kama mtu anayetafuta jamaa
kwenye orodha ya hospitali.

Kisha akaitumbukiza ndani ya kikapu kikubwa cha mbele,
kile cha kuonyeshwa wateja,
kilichokuwa kimeanza kulegea.
Kikasimama.