Alama Kwenye Kioo

Miaka thelathini na miwili nimeandika majina ya watu
juu ya milango yao:
Bucha ya Adagala. Kinu cha Mama Endovo. Kinyozi Safi.
Na lile duka la majeneza pale Majengo
ambalo mwenyewe alitaka herufi zenye furaha.
Langu sikuliandika popote.
Kinyozi hajinyoi.

Jumatatu nilishuka Mbale na mfuko wa saruji kwapani,
ndani yake picha arobaini na tatu
nilizochora usiku kwa rangi iliyobaki mikebeni
baada ya kazi za watu.
Ndiyo maana miamba yangu ina wekundu wa bucha
na mbingu yangu ni kijani cha zahanati.

Kageha ana chumba kimoja karibu na stendi.
Anapiga picha za pasipoti, anatoa nakala, anatia vyeti plastiki.
"Mzee Lugonzo, leo unataka nini?"
"Tovuti. Mlango wenye jina langu.
Mjukuu amelipia kiwanja, kujenga ni juu yangu."
Akacheka. Kisha akanawa mikono,
hilo nililiona,
ndipo akafungua mfuko.

Picha ya kwanza ilikataa kuingia.
Kioo cha skana ni cha karatasi ya barua
na mama yangu ni mkubwa kuliko barua.
Tukampitisha vipande vinne,
bega, kikapu, bega, pindo la leso,
Kageha akamshona kwenye skrini kama ashonaye ukili,
mshono ukapita katikati ya shavu.
"Atapona," akasema,
akasogeza kidogo, akasogeza kidogo,
hadi shavu likafunga.

Nyingine tulizipiga nje kwa simu yake.
Jua la saa nne huacha mng'aro kwenye rangi ya mafuta,
basi tukasubiri wingu
kama wengine wanavyosubiri mshahara.
Mimi nilishika pembe za juu,
kijana wa bodaboda akashika za chini,
akauliza kama ng'ombe huyo anauzwa.
Nyuma yetu lilining'inia pazia la buluu la pasipoti:
picha zangu zote
zilionekana kama zinaomba kusafiri.

Ndani, akakuza. Akakuza tena.
Nikaona unywele wa brashi ulionasa zamani
nilipokuwa bado na macho.
Nikaona alama ya kidole, ndogo kama punje ya mtama.
Kisia. Alikuwa na miaka minne,
aligusa rangi mbichi, nikamchapa kofi.
Siku hizi yuko Doha, analinda mlango wa hoteli.
"Doa hili nilifute?"
Kidole cha Kageha kilikuwa tayari juu ya kitufe.
"Hilo," nikasema, "hilo liache."

Kisha akauliza: "Na hapa juu tuandikeje?"
Akanionyesha herufi za kompyuta, safu kwa safu,
zimenyooka kama watoto wa gwaride.
Hakuna hata moja iliyokuwa na mkono nyuma yake.
Nikaomba karatasi. Brashi sitoki bila brashi,
na kikebe cha nyeusi.
L, U, G, O, N,
halafu mkono ukatetemeka kwenye Z,
Z ile ile niliyoipiga mara elfu kwenye KINYOZI
bila hata kuangalia.

Sikungoja ikauke.
Kageha akailaza kifudifudi,
taa ikapita chini yake polepole.

Alasiri nilirudi kuchukua chenji.
Foleni ilifika hadi nje:
vitambulisho, barua ya chifu,
cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa wiki sita.
Na kila karatasi iliyotoka
ilikuwa na alama nyeusi pembeni,
nyembamba, imepinda, mkia wa Z.

Kageha alishika kitambaa chenye spiriti.
Akanitazama, akamtazama mama wa mtoto.
"Nifute sasa," akasema,
"au tungoje huyu mmoja apite?"