Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mwaka wa tisini na nne mimi nilikuwa Kijana.
Ukumbi huuhuu wa Chang'ombe, mabati yaleyale,
shati la shule la kuazima, vifungo viwili,
nikamnyooshea kidole Mwalimu Mkuu wa maigizo:
"Baba, uwanja wetu umeuuza kwa shilingi ngapi?"
Wa viti vya nyuma walisimama wote.
Muuza karanga naye alisimama, sinia likamwagika,
hakuziokota.
Usiku ule nilitembea kwa miguu hadi Mtoni
nikiamini kesho nchi itaamka imenyooka.

Mwaka huu mimi ndiye Baba.
Koti nimepewa. Kitambi ninacho mwenyewe.

Kijana ni Tumpale, miaka kumi na tisa,
anatoka Mbagala Kuu na chupa yake ya maji
na daftari aliloandika kila pumzi, kila kituo.
Ananiita "kaka" mpaka mazoezi yaanze.

Jumanne walikuja wafadhili, wauza viwanja wa Kigamboni.
Watu wapole. Walituletea soda na sambusa,
wakaomba kitu kimoja, kidogo tu:
ukurasa wa arobaini na moja, ule mstari.
Tukapiga kura. Mkono wangu haukuwa wa kwanza,
haukuwa wa mwisho pia.
Nina nyumba Kivule imekwama kwenye lenta,
vuli ya tatu sasa inanyeshewa sebuleni,
na mtu mzima, wanasema, hujua pa kuinamia.
Tukasaini mmoja mmoja, kwa kalamu zao zenye nembo.
Tumpale hakubisha. Aliomba rula,
akaukata ule mstari kwa wino mwekundu, taratibu,
kama anayepima kitambaa cha mtu.

Jumamosi. Ukumbi umefurika, wafadhili safu ya mbele.
Tukafika pale. Kazi yake anikabidhi karatasi,
yangu niweke sahihi, twende arobaini na mbili.
Hakuikabidhi.
Alisimama tu, ananitazama.
Feni ikalia. Mtu akakohoa.
Nikadhani amesahau, jamani, mtoto amesahau,
na mdomo wangu, wenyewe, bila kuniuliza,
ukamnong'oneza:
"Baba, uwanja wetu..."

Akategesha sikio. Akatabasamu.
"Sikusikii, Baba," akasema. "Na wa nyuma hawasikii."

Watu wakacheka, wakidhani imeandikwa.
Nami nikacheka, nikaivuta karatasi, nikasaini
kwa madaha, kama tulivyofanya mazoezi.

Kalamu ya jukwaani haina wino.
Ile ya Jumanne ilikuwa nao.