Kilo Mia Mbili na Kumi na Mbili

Kabula wa Igogo hupima kila kitu kwa mizani moja,
ile yenye ndoano iliyopinda kama kidole cha mwenye baridi yabisi:
boila, fremu ya baiskeli, mlango wa jokofu la sangara.
Vyote kwake ni kilo, na kilo ni shilingi mia saba,
mia sita ikiwa kutu imeanza kumeguka.

Nilimwendea Jumatatu na mkokoteni wa kukodi.
Sikutaka nondo. Sikutaka bati.
Nilitaka yale meno: misumeno ya mviringo
kutoka kinu cha pamba kule Magu, kilichofungwa
mwaka ule mama aliporudi nyumbani na barua
na kikombe chake cha chai.
Misumeno sitini na minne kwenye shafti moja.
Kabula akauliza, "Unajenga nini?"
Nikasema, "Sijui bado."
Akapandisha bei.
Asiyejua anachotaka hulipa zaidi.

Karakana yangu iko Mabatini, nyuma ya mashine ya kusaga.
Ukuta wa mashariki ni jiwe;
sikulijenga, nililikuta, na nadhani litanizika.
Umeme ukiwapo nachomelea, ukikatika nafikiri,
na mwezi ule nilifikiri sana.

Miaka tisa nimechomelea mageti.
Mteja wa geti anajua atakacho: mikuki juu, simba wawili,
na herufi za jina lake zitazamane na barabara.
Geti likifunga, limekwisha.
Hiki sikujua kitafunga nini.

Shafti niliipinda kwa moto hadi ikakubali nusu.
Misumeno nikaitawanya: huku mitatu, huku kumi na mmoja,
huku mmoja peke yake kama mtu aliyeachwa na kivuko cha Kamanga.
Mkanda wa kiwanda cha minofu nikaukata, nikauvuta katikati.
Jua likiupata bado unanuka;
paka wa jirani hawakubanduka siku nne.
Kila nilipotaka kuongeza kitu, niliondoa kitu.
Si rahisi. Mkono wa fundi geti
hupenda kuziba.

Wakaja.
Mwenye nyumba: "Antena hiyo?"
Watoto wa shule: mamba. Hapana, kitana. Hapana, treni imeanguka.
Mchungaji Bulugu akazunguka mara mbili,
akataka kujua kama kitaabudiwa.
Nikamwambia, hata shikamoo sijakipa.
Nyamizi wa kwenye kusaga, unga hadi kwenye kope,
aliuliza kwa upole: "Lakini kinafanana na nini?"

Nikatazama mawe ya ziwani,
yalivyobebana bila fundi wala sababu,
na sisi wa mji huu tunaanika nguo juu yake
wala hatujawahi kuyauliza yanafanana na nini.
Sikumjibu. Nilikuwa na kiu.

Kabula naye akapanda kilima na mizani yake, na vijana wanne wa kuinua.
"Mia mbili na kumi na mbili," akasoma.
"Laki na arobaini na nane, na mia nne juu. Leo leo."
"Na hewa ya katikati?"
"Hewa," akasema akicheka, "kamuuzie wa tairi."

Mama alikuja Ijumaa, hakubisha hodi.
Hakuuliza ni nini.
Alisimama upande wa shafti, pale pale, nadhani,
aliposimama miaka kumi na sita ya zamu ya usiku,
midomo ikienda bila sauti.
"Sitini na mitatu," akasema. "Mmoja uko wapi?"
"Nimefunikia pipa la maji."
"Haya," kama karani anayefunga daftari.

Kisha akaingiza ukucha kati ya meno mawili,
akachomoa kitu, akakipuliza.
Kikapaa, kikapita juu ya jiwe.
Uzi wa pamba,
au wa kanga yake mwenyewe,
sikuona vizuri.