Mizani ya Mnazi Mmoja

Zamu yangu huanza saa mbili usiku.
Kibanda cha bati, taa mbili, feni isiyozunguka,
na daftari ninamoandika kila kipitacho na uzito wake:
makaa ya mawe ya Songea, korosho za Masasi,
saruji inayopanda kwenda Dar.
Kilo zikizidi, dereva hushuka, hubembeleza, hulipa.
Kiyama kidogo, husema Chitanda, mlinzi wetu:
kila mtu na mzigo wake,
na mizani haina mjomba.

Mvua ya kwanza ilishuka tarehe tisa Desemba,
ile ambayo vumbi huisikia kabla yetu.
Kilimani majani yakatikisika,
wakatoka.
Wadogo kama kokwa la ubuyu, wakubwa kama ngumi,
macho ya shaba, wengine wamebebana migongoni,
wote wakishukia Lukuledi, majarubani,
kwa njia waliyoijua
kabla babu wa mkandarasi hajazaliwa.

Wahenga walisema kelele za chura
hazimzuii tembo kunywa maji.
Wahenga hawakuliona lori la ekseli saba.
Tembo angalau huja na kiu,
hukanyaga hapa, huruka pale, hunywa, huondoka.
Lori halina kiu.

Sauti yenyewe ni kama mtu
anayepasua mbegu za tikiti kwa meno,
chumba cha pili,
halafu watu wengi,
halafu humu humu ulimo.

Na lami hutunza jua mpaka usiku wa manane.
Kifutu, ambaye damu yake huazima moto,
huja kuota bure.
Alfajiri nimemkuta kabanwa chini
kama mkanda uliosahauliwa na abiria.
Dereva mmoja wa Tunduru aliniambia
akimwona nyoka hupinda usukani,
si kumkwepa.
"Nyoka ni nyoka," akasema,
akapokea risiti yake, akaikunja vizuri.

Saa saba, foleni imekatika,
nikatoka na koleo.
Nikajaza nusu ndoo,
nikaimwaga katikati ya bamba la kupimia,
nikarudi kibandani kusoma.
Sifuri.
Nilisahau. Chombo chetu huanza kuona
kuanzia kilo ishirini.
Chini ya hapo hujapita.

Chitanda alisimama mlangoni na tochi yake.
"Umechoka," akasema. "Kalale nusu saa."
Sikulala.

Ndipo, saa nane na dakika kumi, akaja kobe.
Hakuja kwa haraka, hakuja kwa woga.
Alipanda bambani kama mwenye miadi,
akafika nilipomwaga ndoo,
akasimama, akainamisha kichwa.
Husemwa kobe akiinama anatunga sheria.
Nilingoja niisikie.

Sikuisikia. Lakini nilifunga kizuizi,
nikawasha taa nyekundu,
nikarudi kwenye daftari, nikaandika
kwa mwandiko ule ule wa kazi:

Aina ya chombo: kobe.
Namba: haisomeki, ina mikwaruzo.
Ekseli: mbili.
Mzigo: nyumba.
Atokako: kilimani. Aendako: majarubani.
Uzito uliozidi: hakuna.
Faini: hakuna.

Asubuhi Bi Nambunga, msimamizi, akafika na chupa ya chai,
akafungua daftari, akasoma,
akasoma tena,
akachomoa kalamu nyekundu.
Nikajua atakata mstari, nikaanza kutafuta maneno.

Akaandika pembeni:
Saa ya kutoka haijajazwa.

Kweli, sikuijaza.
Alichukua dakika kumi na tisa.
Malori manne yalisubiri kwenye mvua,
na ni moja tu lililopiga honi,
mara moja,
kwa sauti ndogo.